Kifaranga Akiumwa: Joto Kwanza, Dawa Baadaye

Kifaranga amejikunyata pembeni ya banda, mbawa zimelegea, macho yamefumba mchana kweupe wakati wenzake wanaparura. Wafugaji wengi hapa Tabora tukiona hivyo tunakwenda moja kwa moja duka la dawa za mifugo, tunarudi na kopo la antibayotiki na kulikoroga kwenye maji ya kundi zima. Jioni mgonjwa amekufa, na wazima wamekunywa dawa wasiyoihitaji. Ukitulia utaiona sababu: kifaranga mgonjwa hanywi, kwa hiyo dawa iliyo kwenye maji haimfikii.

Kinachomwahi ni baridi, halafu kiu, halafu njaa. Ukimwondolea hayo matatu, mara nyingi unampa siku mbili tatu za kupambana na ugonjwa wenyewe, na wewe unapata muda wa kujua ni ugonjwa gani. Ndiyo maana mpangilio hapa ni joto, maji, uchunguzi, chakula, na dawa mwishoni. Ninamzungumzia kifaranga wa kienyeji au chotara wa chini ya wiki sita, na vitu vinavyopatikana Tabora mjini, Uyui, Sikonge au Urambo bila kuagiza chochote Dar es Salaam.

Hatua ya 1: Mtoe kundini

Usisubiri jioni. Tafuta boksi la sabuni au la mafuta ya kula, litoboe matundu machache sehemu ya juu ili hewa ipite bila kumpuliza. Chini weka maranda makavu au pumba za mpunga, na juu yake kipande cha gunia safi au kitambaa chenye kukwaruza. Gazeti tupu na nailoni havifai, kwa sababu miguu inateleza na kutanuka, na hapo umemwongezea ugonjwa wa pili.

Kwa fundi seremala omba maranda ya randa, usichukue unga wa msumeno. Unga huo kifaranga anaudonoa akidhani ni chakula, na vumbi lake linaingia kwenye mapafu. Yanuse kwanza. Yakiwa na harufu ya ukungu yaache hapo hapo, maana ukungu wa matandiko huwaletea vifaranga homa ya mapafu inayowaacha wakihema mdomo wazi bila mlio, na ikishaingia haina tiba ya maana.

Kuanzia saa hiyo wahudumie wazima kwanza, mgonjwa mwisho, kisha unawe mikono kwa sabuni. Kama analelewa na mama yake, mchukue yeye tu na umwache tetea na wengine. Tetea hamsubiri anayebaki nyuma. Anaondoka na wanaoweza kutembea.

Hatua ya 2: Mpe joto

Hapa ndipo pa kutumia nguvu zako zote. Kifaranga mwenye malaika tu mwilini, yaani yale manyoya laini ya utotoni, hawezi kujitunzia joto. Wiki ya kwanza anahitaji nyuzijoto 32 hadi 35 pale anapolala, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki. Akiwa mgonjwa mrudishe kwenye joto la wiki ya kwanza hata kama ana wiki tatu. Usiku wa Juni na Julai Tabora hushuka hadi karibu nyuzi 15, kwa hiyo boksi lililoachwa kwenye kibaraza ni kaburi. Msidanganyike na Septemba na Oktoba pia: mchana jua linachoma, lakini alfajiri bado ni ya kujifunika.

Kama una kipimajoto, kiweke usawa wa mgongo wa kifaranga, maana joto la juu ya boksi si analolala nalo yeye. Kama huna, mwangalie. Akijibana kwenye chanzo cha joto na kulia kwa sauti kali, ana baridi. Akikimbilia kona ya mbali, akafungua mdomo na kutanua mbawa, umezidisha. Weka chanzo cha joto upande mmoja tu wa boksi ili achague mwenyewe pa kukaa.

Balbu ya zamani ya wati 40 au 60, ile yenye waya ndani unaowaka na ukiigusa inaunguza, inatosha boksi dogo. Taa za kisasa za kubana matumizi hazifai kabisa kwa kazi hii: zinatoa mwanga, joto hakuna, na nimeshaona vifaranga wakifa kwa baridi chini ya taa inayong'aa. Ining'inize imara kwa waya ili isiangukie maranda.

Umeme ukikatika, au kama haujakufikia, tumia chupa za plastiki za lita moja na nusu zilizojazwa maji ya moto, si ya kuchemka, ukazifunga kwa kanga kuukuu. Weka mbili, na zibadilishe kwa zamu ili moja ikipoa nyingine iwe bado ya moto. Mkaa upo kwa wingi kwetu na watu huweka jiko ndani ya chumba cha vifaranga. Nawaomba sana mlifikirie hili. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Huua vifaranga, na huua watoto waliolala chumba hicho hicho. Ukilazimika kutumia mkaa, uwashe nje mpaka uwe mwekundu wote bila moshi, uweke kwenye chungu, ufunike kwa majivu, na dirisha libaki wazi sehemu ya juu. Chumba kisiwe cha kulala mtu.

Mguse miguu na mdomo. Vikiwa baridi na shingo imelegea, usimpe chochote mdomoni bado. Mshike kwa viganja viwili, au mweke kifuani ndani ya nguo yako, umpashe polepole kwa nusu saa hadi saa nzima. Kifaranga aliyepoa hawezi kumeza vizuri, na chakula ulichomlazimisha hakisagiki. Subiri mpaka anyanyue kichwa na kulia.

Hatua ya 3: Maji

Akishapata joto, koroga kijiko kimoja cha chakula cha sukari, au glukosi kama unayo, kwenye lita moja ya maji safi ya uvuguvugu. Kama anaharisha ongeza chumvi kidogo isiyozidi robo ya kijiko cha chai. Chumvi ikizidi ni sumu kwake, kwa hiyo pima, usikadirie.

Tumia bomba la sindano lisilo na sindano, au ncha ya mrija. Shika kichwa taratibu kwa vidole viwili, weka tone moja pembeni mwa mdomo, subiri alimeze, weka lingine. Usimpanue mdomo na kumiminia. Tundu la hewa la kuku liko pale pale nyuma ya ulimi, na maji yakiingia huko umemzamisha mikononi mwako. Matone matatu hadi matano kila robo saa kwa saa ya kwanza yanatosha, kisha kila saa mpaka anywe mwenyewe. Wengi hujifunza haraka ukiwachovya ncha tu ya mdomo kwenye maji.

Chombo chake kiwe kifuniko kifupi chenye kokoto safi ndani ili asizame wala asilowe. Kuna kaya, hasa maeneo ya tumbaku, zinazotumia makopo ya viuatilifu kunyweshea kuku. Kopo hilo haliwi salama hata ulioshe mara ngapi.

Maji ya sukari ni ya siku ya kwanza tu. Baada ya hapo mpe maji ya kawaida.

Hatua ya 4: Mkague kutoka kichwani hadi mkiani

Fanya hivi mchana, kwenye mwanga, na uandike unachokiona.

Anza na macho. Vidoa vyeusi vilivyong'ang'ania kuzunguka jicho na chini ya upanga wa kichwani si uchafu, ni viroboto vya kuku. Kwa kifaranga mdogo hunyonya damu mpaka anapauka na kufa, na mtu akaamini ni mdondo, ule ugonjwa wa kirusi unaoitwa pia kideri. Vipake mafuta ya mgando mazito ili vikose hewa, vikifa uvibandue kwa kibano. Mafuta ya taa yanababua ngozi na macho yake, yaache. Kisha fagia na kuchoma matandiko yote ya kiota, kwa maana kizazi kingine cha viroboto kiko ardhini.

Papasa gole, kile kifuko kilicho chini ya shingo upande wa kulia. Likiwa tupu asubuhi ni kawaida. Likiwa tupu jioni, hakula siku nzima. Likiwa gumu kama jiwe, ameshiba nyuzi au majani marefu yaliyokwama.

Geuza tumbo. Kitovu cha kifaranga wa siku chache kiwe kikavu na kimefunga. Kikiwa kimevimba, kimelowa na kunuka, maambukizi yaliingia wakati wa kuanguliwa, kwa kawaida kutoka kwenye kiota au mashine chafu, na wengi wa hawa hawaponi. Kiuzi kikavu kinachoning'inia kitovuni usikivute.

Angalia njia ya haja. Ikiwa kinyesi kimeganda na kuziba, loanisha kwa pamba na maji ya uvuguvugu kwa dakika moja au mbili mpaka kilainike chenyewe, futa, mkaushe kabisa, pakaza mafuta kidogo. Ukikivuta kikiwa kikavu utamchana ngozi. Tatizo hili la kuziba huanza mara nyingi na baridi au joto kupita kiasi, kwa hiyo ukimsafisha bila kurekebisha joto la boksi, kesho ataziba tena.

Miguu nayo ina habari zake. Ikiwa imetanuka pande mbili, ifunge pamoja kwa ukanda wa plasta laini ukiacha nafasi ya kama sentimita mbili na nusu katikati, umwache hivyo siku tatu hadi tano akiwa juu ya gunia. Vidole vilivyojikunja kwa ndani kama ngumi, anatembelea visigino, ni dalili ya upungufu wa vitamini B2. Mpe mchanganyiko wa vitamini za kundi B, na ini lililochemshwa na kusagwa laini. Mifupa laini na kuchechemea kwa vifaranga wanaofungiwa ndani huja kwa kukosa vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza kwa jua. Jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halifanyi kazi hiyo. Watoe nje asubuhi kwa dakika 20 hivi, penye kivuli cha kukimbilia, na uwalinde na mwewe.

Mwisho mpime uzito kwa mizani ya dukani. Kifaranga wa kienyeji aliyetoka kwenye yai ana karibu gramu 30. Ukimpima kila asubuhi kwa mizani ile ile utajua kama anapona hata kabla macho yako hayajaona tofauti.

Hatua ya 5: Soma kinyesi pamoja na umri

Kinyesi peke yake kinadanganya. Ute mweupe juu ya kinyesi ni mkojo wa kuku na ni wa kawaida. Kile cha kahawia kinachonata na kunuka vibaya, kinachotoka mara chache kwa siku, nacho ni cha kawaida. Soma umri kwanza.

Wiki ya kwanza wanakufa zaidi kwa baridi, kiu, kitovu na kuziba. Dawa za dukani zina nafasi ndogo sana hapa.

Kuanzia siku chache za mwanzo hadi wiki ya tatu, kuhara nyeupe kama chokaa, kulia wakati wa kujisaidia, na vifo vya mfululizo kwa vifaranga wa tetea mmoja au wa mashine moja, huelekeza kwenye ugonjwa wa bakteria wa kuhara nyeupe. Unatoka kwa mama kupitia yai.

Wiki ya tatu hadi ya sita, mwenye manyoya yaliyosimama na kinyesi chenye damu au rangi ya nyanya, mfikirie koksidiosisi. Vimelea vyake vinapenda matandiko yaliyolowa, kwa hiyo hushamiri masika, kuanzia Novemba, na chini ya chombo cha maji kinachovuja mwaka mzima. Huu ndio ugonjwa ambao dawa ikiwahi inaokoa wengi. Umri huo huo kuna Gumboro: kundi linazubaa ghafla, kuhara maji meupe, kujidonoa mkunduni. Gumboro ni kirusi.

Mdondo, au kideri, hauchagui umri. Kukohoa, kuhara kijani, kupooza mbawa au mguu, shingo kujipinda. Nao ni kirusi, hauna tiba, na unaweza kumaliza karibu kundi zima lisilochanjwa.

Hatua ya 6: Chakula

Mpe baada ya joto na maji. Kiini cha yai lililochemshwa, kisage na maji ya uvuguvugu kiwe uji mzito, mdondoshee pembeni mwa mdomo kidogo kidogo, kisha mwachie chakula cha vifaranga cha dukani mbele yake. Kugonga gonga chakula kwa kidole humwita kula, maana ndivyo mama yake anavyofanya kwa mdomo. Mchwa wa kwenye kichuguu, ambao bibi zetu waliwalishia vifaranga tangu zamani, ni protini nzuri sana na anawakimbilia hata mgonjwa. Maganda ya viazi na unga wa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, vinashibisha bila kujenga. Viache mpaka akue.

Pumba au mashudu ya karanga yenye ukungu yana sumukuvu. Kifaranga anaumia nayo kwa kiasi kidogo kuliko kuku mkubwa, na kuchemsha hakuiondoi.

Hatua ya 7: Dawa, sasa

Kwa koksidiosisi omba dawa yenye amproliamu. Kwenye kopo jina lake huanza na herufi "Ampro". Soma lebo kwa gramu kwa lita, kwa sababu nguvu ya unga hutofautiana kati ya kopo na kopo. Koroga lita moja mpya kila siku, mwaga iliyobaki, na maji hayo yawe ndiyo pekee aliyonayo. Anayeshindwa kunywa mdondoshee mwenyewe. Kundi zima linyweshwe, kwa kuwa waliolala banda moja wameshakula vimelea hivyo. Amproliamu hufanya kazi kwa kuwanyima vimelea vitamini B1, kwa hiyo usichanganye na dawa ya vitamini siku hizo hizo. Vitamini zije ukimaliza dozi. Na ubadilishe maranda yote. Bila hivyo unatibu mchana, usiku wanaugua upya.

Antibayotiki haigusi mdondo wala Gumboro. Inaweza kusaidia kwenye ugonjwa wa bakteria, lakini afisa mifugo ndiye wa kukuambia ipi na siku ngapi. Ukianza maliza siku zote, hata akichangamka siku ya pili. Zile za jamii ya tetrasaiklini usizichanganye na maziwa au chokaa, zinashikana na dawa haifanyi kazi. Unga uliopimwa kwenye kifuko kisicho na lebo ukatae, hata kama muuzaji ni ndugu yako.

Mshubiri, mwarobaini, pilipili: najua vinatumika karibu kila kaya. Hakuna hata kimoja kinachotibu mdondo. Kinachonisikitisha ni muda unaopotea, siku mbili za pilipili wakati koksidiosisi ingezuiwa kwa dawa ya siku ya kwanza.

Hatua ya 8: Wakati wa kuita msaada

Wakifa watatu au zaidi siku moja, au ukiona shingo zinajipinda, mwite afisa mifugo wa kata siku hiyo hiyo. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, ina kituo hapa Tabora. Mzoga uliokufa saa chache zilizopita, uliofungwa kwenye mifuko miwili ya nailoni na kuwekwa penye ubaridi bila kugandishwa, unaweza kukupa jibu ambalo kubahatisha hakutakupa.

Wengine wazike kwa kina ambacho mbwa hafukui, au wachome. Na tafadhali, usipeleke wazima waliobaki mnadani ili "uwahi hasara". Ndivyo mdondo unavyosafiri kutoka kijiji kimoja hadi kingine kwa baiskeli na kwa basi. Kifaranga anayeteseka bila kula, asiyeweza kusimama kwa siku kadhaa licha ya yote haya, mchinje haraka badala ya kumwacha afe polepole.

Wazee watakwambia, "Mwanangu, kifaranga hauguzwi, kuku ataatamia tena." Ni kweli ataatamia. Lakini mama mjane mwenye kuku watano anayelipia daftari za shule kwa mayai hana wa kumpoteza, na hizi chupa za maji ya moto hazimgharimu kitu.

Hatua ya 9: Kumrudisha, na chanjo

Mrudishe akiwa amekula mwenyewe na kuongezeka uzito kwa siku tatu mfululizo, mchana, penye joto, ukae uangalie kama wenzake wanamdonoa.

Chanjo ni kwa wazima tu. Ratiba inayotumika sana ni mdondo siku ya 7, Gumboro siku ya 14, mdondo siku ya 21, Gumboro siku ya 28, na ndui kati ya wiki ya 6 na ya 8. Mdondo hurudiwa kila miezi 3 maisha yote ya kuku. Chanjo ya mdondo aina ya I-2, inayotengenezwa na TVLA, inavumilia joto kuliko zile za kawaida, na kuku hupewa tone moja jichoni, kwa hiyo inafaa sana vijijini pasipo na friji. Ukitumia ya kuchanganya kwenye maji, usitumie maji ya bomba yenye klorini, inaiua chanjo. Tumia ya kisima au ya mvua, wanyime maji saa moja hadi mbili kabla, na yote yaishe ndani ya saa mbili.

Aliyepona kuhara nyeupe mfunge uzi wa rangi mguuni. Ataonekana mzima na anaweza kukua vizuri, lakini anaendelea kubeba bakteria. Mfuge kwa nyama, na kama ni tetea, mayai yake yasiatamiwe.